Hedifoni za gemu na muziki kwa bei nafuu: zipi za kununua, zipi za kuacha

Ukiingia maduka ya vifaa vya simu pale Oginga Odinga Street, Kisumu, hedifoni utakazoonyeshwa kwanza ni zile zenye taa za rangi na maandishi makubwa ya "7.1" kwenye kartoni, yaani sauti inayodaiwa kukuzunguka pande zote. Ziache hapo kwanza. Kabla ya kuuliza bei, jiulize utazichomeka wapi: kwenye simu, kompyuta au kontrola ya PlayStation. Pesa nyingi hupotea kwa sababu mtu alinunua kitu kizuri kisichoingiliana na mashine yake.

Kwa simu, Tecno na Infinix nyingi bado zina tundu la milimita 3.5, kwa hivyo hakuna shida. Samsung Galaxy A54 ya 2023 na wenzake hawana, na hapo utahitaji adapta ya USB-C. Adapta hizi ni za aina mbili zinazofanana kwa macho. Moja ni waya mtupu, nayo hufanya kazi kwenye simu chache tu. Nyingine ina chipu ndogo ya DAC inayogeuza sauti ya dijitali, na hiyo ndiyo unayoitaka. Muuzaji asipojua tofauti, ichomeke kwenye simu yako papo hapo kabla ya kulipa. Ya Apple ni nzuri na ina chipu, lakini kwenye simu nyingi za Android sauti yake hutoka chini.

Kompyuta ya mezani huwa na matundu mawili nyuma na mbele: la kijani la kusikilizia, la waridi la maiki. Hedifoni nyingi za gemu zina pini moja yenye mikanda mitatu myeusi, yaani sauti na maiki kwa pamoja. Ukiichomeka kwenye tundu la kijani utawasikia wenzako vizuri, ila wao hawatakusikia ng'o. Dawa ni waya wa Y wenye pini mbili. Wakati mwingine huwa ndani ya kartoni. Usipokuwepo, ununue siku hiyo hiyo. Laptop za siku hizi zina tundu moja linalokubali pini hiyo moja kwa moja.

Kontrola za PS4 na PS5 zina tundu la milimita 3.5 upande wa chini. Chomeka, basi. Hedifoni za Bluetooth za kawaida hazikubaliki na PS4 wala PS5, na hili huwaumiza watu kila Desemba, zawadi zinaponunuliwa bila kuuliza.

Halafu fikiria gemu yenyewe. Anayecheza mpira tu, eFootball au EA Sports FC, hana haja ya kutafuta hedifoni za kujua adui anatokea upande gani. Anunue za muziki na abaki na chenji. Wa PUBG Mobile na Call of Duty ndiye anayehitaji kutofautisha hatua za kushoto na za kulia, na kusikia mara moja, bila kuchelewa.

Bei tunazotaja ni za kukadiria. Dola ikipanda nazo hupanda.

1. Iafoni za waya za KZ au Moondrop (takriban KSh 1,500 hadi 3,500)

Kwa mtu mwenye simu na pesa kidogo, hakuna kinachozishinda. KZ EDX Pro na Moondrop Chu II hutoa sauti safi kuliko hedifoni kubwa nyingi zinazouzwa mara mbili ya bei yake, kwa sababu pesa yote imeenda kwenye spika, hakuna plastiki kubwa wala taa za kulipia. Waya wake huchomoka karibu na sikio, kwa hivyo ukikatika unanunua waya mpya tu. Angalia kipimo unapoagiza waya: Chu II hutumia pini za milimita 0.78 na KZ 0.75.

Joto la Kisumu nalo linazipa alama. Hedifoni kubwa za ngozi bandia hulowa jasho ndani ya nusu saa mchana wa Februari, na baada ya miezi kadhaa mito huanza kubanduka maganda meusi yanayoganda shingoni. Iafoni hazina mito. (Anayekaa Nakuru au Eldoret hana haki ya kulalamika sana kuhusu hili.)

Udhaifu uko kwenye maiki. KZ huuza toleo lenye maiki na lisilo nayo kwa tofauti ndogo ya bei, kwa hivyo soma vizuri unapoagiza Jumia au Kilimall. Maiki hiyo inatosha kwa simu na kwa timu ya PUBG, lakini ikisugua shati kila mtu ataisikia. La pili ni mpira wa sikioni. Kartoni huwa na saizi tatu, na ukivaa isiyokutosha besi hutoweka yote. Watu wengi wanaosema iafoni zao "hazina besi" wamevaa tu saizi ndogo.

2. JBL Quantum 100, na ukipanda kidogo, HyperX Cloud Stinger 2 au Razer BlackShark V2 X (takriban KSh 4,000 hadi 9,000)

Hizi ni za mtu wa PlayStation au kompyuta anayeongea na wenzake muda mrefu. Zote tatu ni za waya, pini ya milimita 3.5, na maiki yenye mkono inayokaa mbele ya mdomo, ndiyo maana sauti yako hufika safi kuliko kwa iafoni. Quantum 100 ina gramu 220 na maiki yake huchomoka, hivyo unaweza kuivaa ndani ya matatu bila kufanana na rubani. Stinger 2 hujizima maiki ukiuinua mkono wake juu, jambo dogo ambalo utalishukuru mama akiita. BlackShark ina gramu 240, na kwa kusikia hatua za adui ndiyo bora kati ya tatu hizi, ila mkono wa maiki hautoki.

Kwa muziki, zote zinasukuma besi mbele kidogo. Kama bajeti yako inaishia elfu tano, Quantum 100 inatosha.

3. Audio-Technica ATH-M20x na maiki ya kubana kwenye kola

Hii ni njia ya mtu wa muziki kwanza, gemu baadaye. M20x ni hedifoni za studio: gramu 190, waya wa mita 3 unaotoka upande mmoja, na hazina maiki kabisa. Kwenye kompyuta ya mezani unachomeka hedifoni kwenye tundu la kijani na maiki ya kola kwenye la waridi, mradi maiki yenyewe iwe ya pini ya kompyuta, kwa maana nyingi zinazouzwa zimetengenezewa simu. Ukinzani wake ni ohmu 47, simu inazisukuma bila shida. Waya wa mita 3 ni kero barabarani, na hauchomoki.

Kuna wanaoshauri hedifoni za mgongo wazi, yaani zisizozibwa upande wa nje wa sikio, kwa sababu sauti huonekana kupanuka. Ni kweli, lakini mvua ikianza kupiga mabati hutasikia kitu. Chagua za mgongo uliofungwa.

4. Zisizo na waya zenye kidude cha USB, mfano Logitech G435

Hizi hazitegemei Bluetooth kwa gemu. Zina kidude kidogo cha USB kinachotumia masafa ya gigahezi 2.4, na ucheleweshaji wake ni mdogo kiasi cha kutohisiwa. G435 ina gramu 165, betri ya saa 18, na hufanya kazi na kompyuta, PS4 na PS5, pamoja na simu kwa Bluetooth. Mbona basi iko nafasi ya nne? Haina tundu la waya. Stima ikipotea na chaji imeisha, umebaki na pambo. Na kidude kikipotea, gemu imekwisha.

5. Bluetooth za kawaida

Kwa muziki wa kutoka Kondele hadi mjini, Bluetooth ya Oraimo au chapa nyingine inayoeleweka inafaa kabisa. Kwa gemu ya risasi, hapana. Kwa SBC, mfumo wa kawaida wa Bluetooth wa kubana sauti, sauti hufika ikiwa imechelewa takriban milisekunde 150 hadi 250. Kwenye video simu hurekebisha picha ilingane na sauti, kwa hivyo hutagundua. Kwenye gemu haiwezi, na adui ameshakupiga ndipo unasikia hatua zake. Kuna shida nyingine inayowashangaza wengi: ukiwasha maiki, Bluetooth hubadilisha mfumo ikaingia ule wa kupigia simu, na muziki wako wote ukashuka kuwa wa upande mmoja na wa kukwaruza. Hedifoni hazijaharibika. Zima maiki na sauti itarudi.

6. Za kuacha: P47, M10 na za taa zisizo na jina

P47, zile hedifoni za Bluetooth za bei ya chini, ziko kila meza ya barabarani kuanzia Kibuye hadi Bungoma, na kwa kusikiliza redio si haba. Lakini usizihesabu kama za gemu. M10, iafoni ndogo za Bluetooth zinazokaa ndani ya kikasha cha chaji, zina namba kubwa za betri zilizochapwa kwenye kikasha ambazo haziwezi kutoshea ndani ya kikasha kile. Zile za taa zina waya wa USB ambao mara nyingi kazi yake ni kuwasha taa tu, na ukizichomeka kwenye kontrola ya PlayStation waya huo unabaki ukining'inia.

Maandishi ya kartoni

Hedifoni nyingi zinazojiita "7.1" zina spika mbili tu, moja kila sikio, hayo mengine hufanywa na programu. Windows 10 na 11 zina Windows Sonic ya bure inayofanya kazi hiyo kwa hedifoni yoyote, na PS5 ina mfumo wake wa sauti ya 3D usiochagua chapa. Usilipie mara ya pili. "20 Hz hadi 20 kHz", yaani kutoka sauti nzito kabisa hadi nyembamba kabisa, huandikwa hata kwenye iafoni za shilingi mia mbili, na milimita 50 za spika hazizidi 40 kwa ubora eti kwa kuwa ni kubwa.

Kuzijaribu dukani

Nenda na simu yako mwenyewe na uweke wimbo wa benga unaoujua vizuri. Subiri gita la solo lianze kukimbia na besi iwe inajibu. Kila uzi unafaa kusikika ukiguswa, na mwimbaji asizame. Kwenye hedifoni mbaya besi huvimba hadi gita linasikika kana kwamba limefunikwa blanketi. Hizo hizo ndizo zitakazokuficha hatua za adui chini ya mlio wa mabomu. Kisha pandisha sauti hadi robo tatu na usikilize mkwaruzo. Kunja waya taratibu karibu na pini na pale unapoingia sikioni: sauti ikikatika hata mara moja, rudisha. Jirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp uisikilize maiki. Mwisho, zivae dakika kumi, na miwani yako kama unavaa. Maduka mengi yamebandika kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kwa hivyo M-Pesa itoke baada ya haya yote.

JBL na Sony za kupachikwa jina ni nyingi. Feki hujulikana kwa uzani mwepesi mno, herufi zilizochapwa kombo na kartoni isiyo na namba ya bidhaa. JBL "mpya" ya shilingi 800 haipo.

Kuhusu sauti, Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi 90, muda salama hushuka hadi saa 4.

Zikiharibika

Nyingi hufa kwenye waya, sentimita mbili tatu kutoka kwenye pini. Upande mmoja ukinyamaza, waya wa upande huo umekatika. Kama pande zote zinacheza lakini sauti ya mwimbaji imetoweka na vyombo vimebaki vikielea kwa mbali, waya wa pamoja wa ardhi ndio uliokatika, au pini haijaingia hadi mwisho. Isukume kwanza kabla ya kwenda kwa fundi. Fundi akate kipande kibovu na aweke pini mpya, kazi ya dakika chache. Nyuzi za ndani zimepakwa rangi inayozuia umeme, kwa hivyo lazima aichome au aikwangue kabla ya kupiga solda, la sivyo itashika kwa nje tu na kukatika tena. Na mwambie mapema kwamba unataka pini ya mikanda mitatu. Akikuwekea ya mikanda miwili muziki utarudi, lakini maiki itakuwa imekufa.