Blender kwa kuchonga maroboti na deraya: uzoefu wangu

Wakuu, kuna watu wananiuliza sana kama Blender, ile programu ya kompyuta ya kutengeneza maumbo ya 3D, inaweza kuchonga karakta wa chuma, yaani roboti, askari wa deraya, vitu vya namna hiyo, au mpaka ulipie ZBrush, programu nyingine ya kuchonga. Jibu langu ni kwamba inaweza, tena fresh tu, ila ukiingia na akili ya kuchonga sura ya mtu utaichukia siku hiyohiyo. Sura ina nyama, mkono ukiyumba kidogo hakuna anayeona. Bati likiyumba kidogo tu mwanga unakuumbua palepale.

Kwa hiyo mimi brashi natumia hatua ya kwanza tu, kutafuta umbo. Chukua bega la roboti: naweka silinda, nabonyeza Ctrl+A naaplai skeli, yaani vipimo vya umbo vihesabiwe upya kama 1 (usiruke hii aisee, skeli ikiwa ya ajabu rimeshi, yaani kuunda upya neti ya umbo, nayo inatoka ya ajabu), halafu nakandika, nakata kwa maski (kufunika sehemu isiguswe), nakwangua kwa ile brashi ya kukwangua yenye plani mbili (bapa mbili zinazokutana kwa pembe), hiyo inakupa mgongo wa kona ulionyooka kwa mpito mmoja, ndiyo brashi ninayoipenda kuliko zote humo ndani.

Sasa voxeli rimeshi, ile rimeshi inayotumia vijichemraba vidogo (voxeli). Iliingia toleo la 2.81 mwaka 2019 na kwangu ndiyo iliyofanya Blender iwe ya kuchongea kweli, lakini ndiyo hiyohiyo inayoharibia watu kazi. Inalivika umbo lote neti ya vipande vyenye ukubwa sawa, haijui hapa kona hapa bapa, basi kona kali zote zinalainika kama sabuni iliyolowa. Mtu akiona hivyo anakimbilia kupunguza ukubwa wa voxeli, ukitoka 0.02 kwenda 0.01 idadi ya vipande inaruka karibu mara 4, laptop ya RAM GB 8 inaanza kuhema na kona bado haijanyooka. Na bati lisilo na unene usilipitishe huko kabisa, litatoboka toboka, lipe unene kwanza.

Nikisharidhika na umbo silisugui tena. Najenga bega jipya juu yake kwa poligoni (vipande bapa vya neti) chache, nalibandika kwa snepu (kunasa pointi kwenye uso wa mchongo) na modifaya ya Shrinkwrap (modifaya ni badiliko unaloweza kulirekebisha au kulitoa wakati wowote, hii inaling'ang'aniza umbo juu ya jingine), halafu mchongo wa mwanzo naufanya kielelezo tu. Matundu ya bolti na mifereji natoboa kwa buliani (kutoa umbo moja ndani ya jingine), mwisho naweka beveli (kuikata kona kidogo) ndogo kwenye kila kona maana hata chuma halisi hakina ncha ya wembe, ile kona ndogo ndiyo inayodaka mwanga, bila hiyo roboti lako linakuwa la plastiki. Vyote ni modifaya, kwa hiyo mteja akisema tundu lisogee unalisogeza tu, hamna kuchonga upya. Kwa kukagua nawasha matcap (mwonekano wa majaribio wenye mwanga wake) ya kung'aa nazungusha taratibu, mstari wa mwanga ukikatika au ukifanya wimbi hapo ndipo pabovu.

Kitu kingine, nyanyua mkono mapema!! Deraya haikunjiki, bega zuri ukiliangalia limesimama linaweza kuzama shingoni mkono ukipanda, na hapo ushamaliza rangi na kila kitu. Mimi bega nalifungia mfupa wake peke yake (mifupa ya Blender ndiyo inayomtembeza karakta) kabla sijaweka hata bolti moja.

ZBrush bado inabeba mamilioni ya poligoni kwa urahisi zaidi, hilo sibishani na mtu, kama kazi yako ni mikwaruzo na nakshi ndogondogo kila mahali utaona tofauti. Ila Blender ni bure kabisa, hamna malipo ya mwezi, na buliani, mifupa na renda (kutoa picha ya mwisho) viko humohumo. Naipa 8 kwa 10. Mausi inatosha kwa beveli na buliani, ila kwa kuchonga tafuta tableti yenye kalamu inayosikia mgandamizo wa mkono, hata ndogo ya mtumba.