Hamsta: tundu la waya au boksi la plastiki?

Anayeanza kufuga hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, hakosi kuuliza swali hili. Kwa bei, boksi linashinda: unalinunua duka la vyombo, unakata dirisha kwenye kifuniko na kufunga wavu wa chuma. Matundu ya waya ya bei rahisi karibu yote ni madogo mno, hata yakiwa na ghorofa tatu. Hamsta si ndege. Anataka sakafu, walau sentimita 100 kwa 50. (Boksi la ukubwa huo nalo utalisaka.)

Tena anataka kuchimba. Hapo tundu la waya linakwama, maana trei yake ni fupi na maranda humwagika nje usiku kucha. Boksi linabeba maranda ya sentimita 20 na zaidi, akajichimbia mahandaki. Gurudumu la kukimbilia la sentimita 28 kwa hamsta wa Syria (ile aina kubwa) ni lazima kote kuwili.

Lakini joto! Mombasa au Dar, boksi hugeuka tanuri. Kusafisha, boksi ni rahisi. Waya hushika kutu penye mkojo.

Nyumba yako ni ya baridi na mfuko mwepesi? Boksi. Uko pwani? Tafuta tundu la waya lenye trei ya kina, na uwazi kati ya waya usizidi sentimita 1.