Betri ya laptopu: mpya ya kopi au orijino ya mtumba?

Betri ya laptopu ikichoka, fundi wa Darajani, sokoni Unguja, atakuwekea mezani mbili: mpya ya kopi, au orijino iliyotolewa kwenye mashine ya mtumba.

Ya mtumba huvutia kwa jina. Lakini betri ya lithiamu huchakaa hata ikikaa kabatini, na joto la kaskazi huizidishia. Usikubali maneno matupu. Itiwe kwenye mashine, kisha kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt) iandikwe powercfg /batteryreport. Ripoti itaonesha uwezo wa kiwandani na uwezo uliobaki. Iliyoundwa kwa mWh (miliwati-saa, kipimo cha nishati) 50,000 ikabakia na 30,000 imeshapoteza asilimia 40, irudishe. Iliyovimba usiichaji kabisa, huweza kushika moto.

Mpya ya kopi haijatumika, ila lebo yake si ya kuaminiwa moja kwa moja. Ninachohofia zaidi ni saketi ya kuilinda na joto na chaji ya kupita kiasi, ambayo kwa macho huioni. Dai dhamana ya maandishi.

Mwanafunzi wa skuli ninamshauri achukue mpya yenye dhamana, aweke kikomo cha chaji asilimia 80 kama mashine inaruhusu, ili betri isichakae haraka. Umeme ukiwa wa kukatikakatika, siku hiyo ajaze 100.