Airbyte kutoka Odoo hadi BigQuery: uzoefu wangu wa miezi minane Kigoma

Nashughulika na uhasibu na kompyuta katika kampuni ya biashara ya jumla hapa Kigoma. Tuna duka Mwanga, jingine Ujiji, na ghala Kibirizi, ambako boti hupakia mzigo wa Burundi na Congo. Tunauza mchele, sukari, mafuta ya kula na saruji. Mauzo yote yanaingia kwenye Odoo, programu ya kuendeshea biashara, iliyofungwa kwenye seva yetu wenyewe ofisini. Kwa miaka mitatu, kila Jumatatu usiku nilitoa mauzo ya kila tawi kwenye Excel na kuyaunganisha, na Hajati, mwenye mali, akapata ripoti Jumanne mchana. Wakati huo ameshaagiza mzigo tangu asubuhi.

Sasa data inahama yenyewe kila saa kwenda BigQuery, ghala la data la Google kwenye mtandao, kupitia Airbyte, programu ya kuhamisha data. Nimeridhika sana. Naandika kwa sababu nilipoanza sikupata wa kunieleza kwa Kiswahili mambo yatakayonisumbua, na yaliyonisumbua hayakuwa yale niliyoyaogopa.

Kabla ya Airbyte nilijaribu huduma moja ya kulipia inayotoza kwa idadi ya mistari iliyobadilika. Wiki ya kwanza gharama ilikuwa ndogo. Kumbe sisi tuna kazi inayojiendesha kila usiku kupiga upya gharama za bidhaa, na ikishapita, kila bidhaa inaonekana imebadilika hata kama bei ni ileile. Mistari yote ikawa inasafirishwa upya kila siku, na ankara ikaja kwa dola. Kama unataka huduma ya namna hiyo, chunguza kwanza ni majedwali gani kwenye mfumo wako yanaguswa usiku wakati watu wamelala.

Airbyte ina toleo la bure, unalifunga mwenyewe bila kulipia leseni. Inachotaka ni mashine yenye nguvu: kumbukumbu (RAM) ya jigabaiti 8 ndiyo kiwango cha chini, na mimi nilinunua kompyuta iliyotumika yenye 16 nikaiweka kando ya seva. Odoo inatumia hifadhidata ya PostgreSQL, kwa hiyo nilitengeneza mtumiaji mwenye ruhusa ya kusoma tu, nikampa Airbyte, nikachagua majedwali. (Ukiwa kwenye Odoo Online, inayokaa kwenye seva za Odoo wenyewe, hifadhidata huifikii moja kwa moja hivi, itabidi upitie njia nyingine.) Uhamisho wa kwanza ulianza saa tatu usiku ukaisha karibu na adhana ya alfajiri. Baada ya hapo kila saa ni dakika chache tu.

Upande wa BigQuery, jigabaiti 10 za kuhifadhi na terabaiti 1 ya data inayosomwa na maswali (query) kwa mwezi ni bure, na sisi hatujawahi kufika huko. Ila usibaki kwenye ule uwanja wa majaribio (sandbox) usiohitaji kadi: majedwali yake yanafutika baada ya siku 60, na amri za kurekebisha mistari zimezuiwa. Pia chagua mahali data itakapokaa kabla hujaanza, maana ukishaunda hazina ya data (dataset) huwezi kubadilisha eneo lake. Mimi nilichagua Johannesburg.

Sasa masaa. Mtunza stoo wa Kibirizi anaandika kila mzigo kwenye daftari la kaunta, kwa mkono, hata baada ya kuuingiza kwenye Odoo. Mwezi wa kwanza wa ripoti mpya Hajati aliniita. Nikamwamkia, akaitikia huku ameshaweka rula chini ya mstari mmoja wa daftari, simu yake kando.

"Mwanangu, hapa tarehe 1 naona mifuko 300 ya sukari imetoka. Simu yako inaniambia 120. Hiyo 180 imekwenda wapi?"

Nilirudi ofisini nikaitafuta. Ilikuwepo, ila mwezi uliopita. Boti ya Uvira ilipakiwa usiku na oda ikaingizwa saa nane usiku. Odoo inahifadhi muda kwa saa za kimataifa, UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3. Skrini inakuonyesha saa ya Tanzania, lakini jedwalini imeandikwa saa tano usiku ya siku iliyotangulia, na usawazishaji, yaani ule uhamisho wa Airbyte wa kila saa, unachukua kilichomo jedwalini. Kila oda iliyoingizwa kati ya saa sita na saa tisa usiku ilikuwa inaangukia jana yake. Duka linalofungwa magharibi haliwezi kuligundua hili. Kibirizi, ambako boti zinapakiwa usiku, ilikuwa inapotosha kila mwisho wa mwezi. Dawa ni kugeuza muda kuwa wa Africa/Dar_es_Salaam kwanza, ndipo ukate tarehe. Nilirekebisha sehemu moja, ripoti zote zikasoma kutoka hapo. Hajati alipitia mwezi mzima kwa rula, mstari kwa mstari, na mimi nikakaa pale mpaka amalize, kwa sababu bila yeye kuridhika kazi yote ilikuwa haina maana.

La pili ni mistari iliyofutwa. Nilianza kwa njia rahisi: Airbyte iulize hifadhidata, nini kimebadilika tangu mara ya mwisho? Njia hiyo haioni kilichofutwa, kwa sababu kilichofutwa hakipo tena kuulizwa. Mteja anaomba mifuko 40 ya saruji, oda bado haijathibitishwa, usawazishaji unapita na kuichukua, kisha anabadili mawazo na muuzaji anaufuta mstari ule. Kwenye Odoo umeondoka, kwenye ghala la data upo mpaka kesho na kesho kutwa. Jumla ya mistari ikawa inazidi jumla ya oda. Nilihamia njia ya kusoma kumbukumbu za mabadiliko za PostgreSQL zenyewe, ambayo inaleta hata ufutaji. Inabidi ubadilishe mpangilio wa hifadhidata na kuizima na kuiwasha, kwa hiyo fanya usiku, na chukua nakala rudufu kwanza.

Njia hii ina hatari yake. PostgreSQL inatunza kumbukumbu hizo mpaka Airbyte izisome. Intaneti ikikatika siku tatu, nazo zinarundikana siku tatu kwenye diski ileile ya mauzo, na diski ikijaa maduka hayauzi. Toleo la 13 na kuendelea lina mpangilio uitwao max_slot_wal_keep_size, unaoweka kikomo. Kikipitwa, utalazimika kuhamisha upya tangu mwanzo. Nakubali kupoteza usiku mmoja wa kuhamisha kuliko kusimamisha kaunta ya Mwanga Jumamosi.

Fedha: safu ya jumla kwenye ankara imeandikwa kwa sarafu ya ankara. Ankara ya dola 2,400 ilihesabiwa kama shilingi 2,400 mpaka nilipotumia amount_total_signed, iliyogeuzwa tayari kuwa sarafu ya kampuni. Idadi ya mzigo uliobaki nayo usiitafute kwenye jedwali la bidhaa, Odoo huikokotoa pale unapoifungua. Jumlisha kutoka stock_quant, jedwali la mzigo uliopo kila mahali, ukichukua maeneo ya ndani tu.

Majina na namba za simu za wateja sikuyapeleka kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na kwa ripoti zetu namba ya mteja ya ndani inatosha. Airbyte inakuruhusu kuondoa safu moja moja, ni suala la kuondoa alama tu. Fanya hivyo kabla ya uhamisho wa kwanza.

Tumepata nini? Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tulijua tu kwamba biashara imepoa. Data ya zamani ilipokaa pamoja, Hajati aliona kwa mara ya kwanza wiki kwa wiki: mchele na sukari vya Kibirizi vilishuka tangu wiki ya pili, saruji ya Mwanga haikutikisika. Aliitazama chati ile kimya kwa muda, kisha akaniuliza kama naweza kumtengenezea ya namna hiyo kwa mafuta ya kula. Ilikuwa tayari kabla chai yake haijapoa, na asubuhi hiyo ndiyo aliyoagizia mzigo.