Mbuzi ya nazi niliyomuagizia mama hapa Leicester, naipa nyota 4

Jamani nimeona niandike maana kabla sijainunua nilitafuta maoni ya mtu aliyeitumia huku Uingereza nikakosa. Mama yangu ni wa Tanga, yuko huku miaka mingi sasa na miaka yote hiyo tunapikia tui la kopo, anakula ila kila akimaliza lazima aseme "tui hili halina harufu". Basi nikaagiza mtandaoni mbuzi ya kukunja, pauni 38 pamoja na usafiri, wiki tatu ikafika.

Mbao nzito, inakunjwa kama marfaa ya kuwekea msahafu, ukiikalia haiyumbi. Chuma ndo kimenikera, meno ya upande mmoja yalikuja butu ikabidi nipitishe tupa, halafu ukiiosha ukaiacha na maji asubuhi unakuta kutu, kwahiyo ikaushe uipake mafuta kidogo. Nyota moja nimekata hapo.

Nazi kavu tunachukua Belgrave Road kwa mzee mmoja wa Kihindi, yeye ni wale waliofukuzwa Uganda na Amin 1972, Kiswahili bado anacho, anaitikisa nazi sikioni kwanza ndo anampa mama.

Sasa kilichonifanya niandike hasa. Binti yangu ana miaka 9, kazaliwa hapahapa, Kiswahili anasikia vizuri tu ila ukimsemesha anajibu Kiingereza. Vidole vya mama siku hizi vimekaza hawezi kukuna, basi akamkalisha mtoto kwenye mbuzi, miguu yote upande mmoja, yeye akakaa nyuma yake akamshika mikono wakawa wanakizungusha kizio pamoja, "taratibu mke mwenzangu, ukifika kwenye kifuu tui litaingia weusi". Mtoto kila kitu anauliza kinaitwaje, na mama anajibu kimoja kimoja wala hachoki, mi nipo mlangoni nawasikiliza tu. Kifumbu hatuna, wakakamulia kwenye kitambaa cheupe, tui zito likawekwa pembeni, halafu nikasikia "Bibi, machicha nitupe?"

Kiswahili kitupu, na hakuna aliyemlazimisha. Mama alinyamaza kidogo, akajifuta macho na ncha ya kanga, akamwambia "usitupe mama, tunatia maji tukamue tui la pili".

Jumamosi iliyopita wamekuna nazi 3. Ukiagiza, nunua na tupa ya kunolea meno kabisa.