WordPress 6.6 kwenye seva ya zamani: uzoefu wangu

WordPress yenyewe, programu ya kuendeshea tovuti, naipa nyota nne. Kampuni iliyokuwa ikinihifadhia tovuti siipi hata moja.

Naendesha blogu ya kilimo cha zabibu hapa Dodoma. Wasomaji wangu wengi ni wakulima wa Hombolo na Makutupora, wanasoma kwenye simu, tena kwa bando la kuungaunga. Zabibu kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika blogu hujaa watu wanaoulizia bei, au dawa ya ubwiri unga. Ndiyo maana kazi ya kupandisha WordPress hadi 6.6 niliisogeza mpaka watu walipomaliza kupogoa, wakati hakuna wa kunilaumu tovuti ikizimika.

Kumbe hata kuanza nisingeweza. WordPress 6.6, iliyotoka Julai 2024, haikubali PHP (lugha ya programu inayoiendesha kwenye seva) iliyo chini ya 7.2.24, na seva yangu ilikuwa bado na 7.0, toleo ambalo waliolitengeneza waliacha kulitolea viraka vya usalama mwanzoni mwa 2019. Hapa WordPress ina ustaarabu: iliniambia wazi kinachokosekana, ikakataa kujisasisha, na blogu ikabaki imesimama.

Nikapiga simu kwa kampuni. Kijana wa huduma kwa wateja akaniuliza, "Kaka, kwani tovuti haifunguki?" Nikamwambia inafunguka. "Basi iache tu ilivyo." Nilipombana akasema seva ile wanatumia wateja wengi, wakibadilisha PHP wengine wataharibikiwa. Sawa, lakini kuna kampuni ambazo kila mteja huchagua PHP yake mwenyewe ndani ya cPanel, paneli ya kusimamia tovuti, bila kumgusa jirani. Hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kulipia mwaka mzima. Matangazo yao hujaa habari za nafasi kubwa ya kuhifadhi, matoleo ya PHP na ya MySQL, programu ya hifadhidata, hawayataji.

Nikahamia kampuni nyingine, ambayo kabla sijatoa hela ilinitajia matoleo yote iliyonayo. Kuhama si kazi ngumu: folda ya wp-content, nakala ya hifadhidata kutoka phpMyAdmin, chombo cha kuisimamia, kisha kuelekeza jina la tovuti kwenye seva mpya. Picha ndizo zilizokula bando.

Kazi ilikuwa kupanda hadi PHP 8. Nilianza na 7.4, nikasasisha WordPress, plagini (vijiprogramu vya nyongeza) na mwonekano wa tovuti (theme), kila kitu kikaenda. Kugusa tu 8.2, ukurasa wote ukageuka sentensi moja ya kosa. Mkosaji alikuwa plagini ya albamu ya picha ambayo mwenyewe ameshaitelekeza. Ilikuwa ikitumia create_function, amri ya zamani ya PHP iliyoondolewa kabisa kwenye PHP 8.0 mwaka 2020. Sikulazimika kuchimba mafaili kuitafuta, maana tangu toleo la 5.2 WordPress hukutumia barua pepe ikitaja plagini iliyoangusha tovuti, pamoja na kiungo cha kuingilia ili uizime. Nikaizima, picha nikazipanga kwa bloku za WordPress yenyewe. Kwa huduma hiyo peke yake ningeisamehe mengi.

Ila si yote. Nyota ya tano imeondoka na ule uwanja wa kuandikia wa bloku ulioletwa na toleo la 5.0 mwaka 2018. Kwenye laptopu yangu kuukuu unajivuta, na intaneti ikikatika katikati ya makala roho inakuruka. Nimeweka plagini ya Classic Editor, inayorudisha uwanja wa zamani, makala ndefu naandikia humo.

Kurasa sasa zinafunguka haraka kuliko zamani, hata wakulima wamesema. Kampuni ya zamani nayo bado inanitumia ujumbe kunikumbusha kulipia mwaka ujao, pamoja na ofa ya nafasi zaidi.