Rasimu ya kwanza: daftari au kompyuta?

Ukurasa wa A4 hubeba maneno kama 250 ya mwandiko wa kawaida. Riwaya ya maneno 60,000, ukiandika kulia tu na kuacha kushoto kwa masahihisho, itahitaji madaftari matatu ya kurasa 200. Mombasa wakati wa kaskazi kiganja hulowa jasho na wino wa maji hutapakaa. Shika biki, na utandike karatasi chini ya mkono. Kazi ipo kwenye kuchapa: kwa maneno 1,000 kwa saa, ni saa 60. Si hasara, maana hapo ndipo mazungumzo yaliyolegea hukazwa.

Kompyuta ina kasi, na jina la mhusika hubadilishwa kote mara moja. Ila inakushawishi urembe aya ya kwanza wiki nzima huku sura ya pili haijazaliwa. Umeme ukikatika na betri imechoka, umekwama. Na usiponakili kwenye flashi na barua pepe kila jioni, shauri yako.

Kwa riwaya, daftari. Hadithi fupi ya maneno 3,000, chapa moja kwa moja.